Unaogopa kiti cha daktari wa meno? Mwongozo kamili wa dawa nyepesi za kutuliza woga

Kuna watu huku kwetu wamekaa na jino bovu miaka mingi, wanatafuna upande mmoja, kila wiki wako kwa kemisti kununua dawa ya maumivu, na pesa ya kung'oa ama kuziba wanayo, shida ni woga tu. Mimi nasaidia daktari wa meno hapa Kisumu na nimeona watu wazima, wengine ni maaskari na walimu wakuu, mikono inatetemeka hata kabla kile kioo kidogo hakijaingia mdomoni. Hawa sio watoto na sio waoga wa maisha. Nataka wajue kuna njia ya kupitia, na nataka pia waipitie vizuri, juu hizi dawa zina sheria zake na mtu akijinunulia mwenyewe anaweza kujiumiza.

Kwanza elewa dawa inafanya nini

Dawa ya kutuliza inashughulika na woga, maumivu ni kazi ya ganzi. Hilo likuingie kabisa, juu wengi wanakuja wakidhani wakimeza kidonge hawatadungwa sindano. Utadungwa. Tofauti ni kwamba ukidungwa moyo hautakuwa unapiga mbio, shingo haitakuwa imekakamaa, na dakika thelathini zitapita upesi. Uko macho wakati wote, unasikia, ukiambiwa geuza kichwa unageuza, ukiulizwa kama uko sawa unajibu, unapumua mwenyewe. Mgonjwa akianza kutojibu, hiyo sio nyepesi tena, imezidi, na daktari anatakiwa asimamishe kazi hapo hapo. Kulazwa usingizi kabisa ni kitu kingine, hiyo ni ya thieta na daktari wa usingizi.

Sasa kuhusu ganzi kuna jambo watu hawaambiwi. Jino likishavimba na kuweka usaha, ile nyama ya hapo inakuwa na asidi nyingi kuliko kawaida na ganzi inashika vibaya. Ndio maana mtu anakwambia "mimi ganzi hainishiki", na kweli siku hiyo haikumshika, aliumia, akaapa hatarudi, jino la pili nalo likaoza akingoja mpaka likavimba, likaumia tena vile vile. Woga unamfanya achelewe, kuchelewa kunafanya ganzi ikatae, na maumivu ya siku hiyo yanaongeza woga. Dawa ya kutuliza faida yake kubwa ni kukuleta mapema, jino likiwa bado halijavimba. Na ukija likiwa tayari limevimba, usishangae daktari akikutolea usaha kwanza, pengine na antibiotiki, akuite siku nyingine kwa kazi kubwa. Hajakufukuza, anangojea ganzi iweze kushika.

Pima woga wako kabla hujapiga simu

Kuna kipimo madaktari wa meno wanatumia duniani kote, maswali matano tu. Utajisikia vipi ukijua kesho unaenda kwa daktari wa meno? Ukiwa umekaa pale nje ukingoja kuitwa? Ukijua unaenda kutobolewa jino na mashine? Ukijua unaenda kusafishwa meno? Ukijua utadungwa sindano ya ganzi kwa ufizi? Kila swali jipe 1 kama huna wasiwasi wowote mpaka 5 kama umeogopa kupita kiasi, alafu ujumlishe. Ikifika 19 ama zaidi, huo ni woga mkali na ni haki yako kumwambia daktari hivo. Angalia pia ni swali gani limekupea alama nyingi. Anayeogopa sindano peke yake hahitaji kitu kimoja na yule anayeogopa mpaka harufu ya kliniki.

Na tafadhali nyinyi wa nyumbani msimcheke. Nasikia sana wazee wakisema wao waling'olewa meno sita ya chini bila ganzi, ile desturi ya zamani ya Waluo inayoitwa nak, na hawakulia, kwa hivo kijana wa siku hizi anaogopa nini. Heshima kwa wazee wetu, lakini kumwaibisha mtu hakujawahi kumkalisha kwa kiti. Aibu yenyewe ni sehemu ya woga. Kule Nakuru na Gilgil ambako maji yana floraidi nyingi, watu wengi wana meno ya kahawia tangu utotoni, na kuna wanaokwepa daktari juu hawataki mtu aone mdomo wao. Daktari wa meno wa huko anayaona kila siku, anajua ni maji.

Mwambie daktari, na ujaribu yale yasiyo dawa

Piga simu ama pita pale siku ambayo hakuna kitu kitafanywa. Sema wazi: naogopa, nimeogopa tangu utoto, nilishikwa kwa nguvu nikang'olewa, chochote kile. Daktari mzuri ataanza na vitu vya bure. Mnakubaliana ishara, ukiinua mkono wa kushoto anasimama bila kuuliza kwa nini. Anakuambia anachotaka kufanya, anakuonyesha, ndio anafanya. Anapaka jeli ya ganzi juu ya ufizi na anangoja dakika mbili tatu kabla ya sindano (wengi wanapaka na kudunga hapo hapo, inakuwa kazi bure), alafu anaisukuma dawa pole pole, juu kinachochoma sana ni ile spidi ya kusukuma. Unaitwa asubuhi na mapema ili usishinde siku nzima ukifikiria. Weka earphone na nyimbo zako. Kwa woga wa katikati hivi peke yake mara nyingi vinatosha, na mimi napendelea mtu avijaribu kwanza hata kama dawa iko.

Gesi ama kidonge

Visipotosha, dawa nyepesi ziko aina mbili kubwa.

Gesi inaitwa naitrasi oksaidi, wengi wanaijua kama gesi ya kucheka, na haijaanza jana. Mwaka wa 1844 daktari wa meno Mmarekani, Horace Wells, aliivuta yeye mwenyewe na kung'olewa jino lake mwenyewe ili ajue kama inafanya kazi. Siku hizi inachanganywa na oksijeni na unaivuta kwa kibarakoa cha pua. Daktari anaanza na oksijeni tupu, alafu anaongeza gesi kidogo kidogo, kama asilimia kumi kila dakika, huku anaongea na wewe, mpaka uhisi vidole vinawasha kwa mbali, mwili una joto, miguu mizito ama myepesi. Watu wengi wanatulia ikiwa kati ya asilimia 30 na 50. Kizunguzungu ama kichefuchefu kikianza, sema, anapunguza na kinaisha upesi. Uzuri wake ndio huo, inaingia kwa dakika chache na inatoka kwa dakika chache. Mwisho wa kazi lazima uvutishwe oksijeni tupu kama dakika tano, hiyo usikubali irukwe. Kwa wale wa Nakuru, mji wenu uko juu zaidi ya mita 1,800 na hewa ni nyepesi kuliko huku ziwani, kwa hivo asilimia ile ile ya gesi inakuwa dhaifu kidogo, usiogope ukiona daktari ameongeza.

Gesi inataka pua iliyo wazi. Ukiwa na homa ya mafua imeziba, ahirisha. Na ukiongea ongea unaitoa yote kwa mdomo, so nyamaza na uvute kwa pua. Haifai miezi mitatu ya kwanza ya mimba, haifai kama umefanyiwa upasuaji wa jicho karibuni na kuwekewa gesi ndani, wala kama uko na upungufu wa vitamini B12.

Shida ya gesi ni kuipata. Mashine ni ghali na sio kila kliniki iko nayo. Uliza idara ya meno moja kwa moja, iwe ni kliniki ya mtaani ama hospitali kubwa kama Jaramogi ambayo wengi bado tunaiita Russia, usidhani iko na usidhani haiko.

Kidonge ndicho wengi watapewa. Kinachojulikana zaidi ni diazepamu, ile watu wanaita Valium. Mtu mzima kwa kawaida anaandikiwa 5 mpaka 10 mg, saa moja hivi kabla ya kazi, na wengine wanapewa kingine kidogo usiku wa kuamkia ili walale. Wazee wanapewa nusu ama chini yake, juu kwao inakaa mwilini muda mrefu na wanaanguka. Hata kwa kijana diazepamu haitoki siku hiyo, kesho yake bado iko. Midazolamu ni fupi zaidi, inaingia haraka na inafuta kumbukumbu, jioni mtu anaweza kuwa hakumbuki vizuri kilichofanyika, na hiyo ni kawaida yake.

Hizi ni dawa za kuandikiwa na daktari. Usikubali kemisti akuuzie mbili tatu kwa karatasi, usichukue ya shangazi yako. Na kuna wale wanameza Piriton ndio wasinzie kwa kiti. Piriton inakupa usingizi mzito wa mwili na woga unabaki pale pale, alafu daktari akikupa ya kwake bila kujua, zote mbili zinakulalia kwa pamoja.

Mambo ya kumwambia daktari, yote, bila aibu

Hapa ndipo nataka ukae sana, juu ajali nyingi zinazuiwa hapa kabla hata dawa haijatoka kwa chupa.

Mwambie dawa zote unazotumia, ukiweza beba pakiti zenyewe. Huku magharibi wengi wetu wako kwa dawa za HIV na wanaficha kwa daktari wa meno wakidhani haimhusu. Inamhusu sana. Kama uko kwa laini ya pili (zile unazobadilishiwa za kwanza zikishindwa) yenye ritonaviri, midazolamu ya kumeza haifai kabisa, ile dawa inazuia ini kuivunja na kidonge kimoja kinakuwa kama umemeza kadhaa. Walio kwa ile ya kawaida yenye dolutegraviri hawana shida hiyo, lakini daktari atajuaje tofauti usipomwambia? Ukitaka, mwambie mkiwa wawili, ana kiapo cha siri. Dawa ya TB ya rifampisini inafanya kinyume, inamaliza nguvu ya kidonge mpaka usihisi kitu. Dawa ya kifafa ya kabamazepini pia hivo. Erithromaisini na dawa za fangasi kama flukonazoli zinaongeza nguvu. Hata juisi ya balungi (grapefruit) inaongeza nguvu ya midazolamu, achana nayo siku hizo.

Seli mundu, ule ugonjwa wa damu wa sickle cell, ni jambo lingine la huku kwetu, Siaya, Busia, Kakamega, kila ukoo unajua mtu. Mwenye seli mundu anaweza kutulizwa, lakini oksijeni yake haifai kushuka, asikae na njaa ya maji, asipigwe na baridi, na gesi yenye oksijeni nyingi mara nyingi ni afadhali kwake kuliko kidonge. Kwa mtu kama huyo mimi ningesema afanyiwe hospitali kubwa tu.

Sema kama unakoroma na kukatika pumzi usiku. Sema kama una pumu, presha, sukari, shida ya ini. Sema kama una mimba ama unanyonyesha, diazepamu inapita kwa maziwa. Na pombe, tafadhali sema ukweli. Chang'aa ama bia pamoja na diazepamu inaweza kusimamisha pumzi ya mtu, na anayekunywa kila siku mwili wake umezoea, kipimo cha kawaida kinaweza kisimguse. Miraa na muguka zinapandisha presha na mapigo ya moyo, na ganzi nyingi ina adrenalini ndani, kwa hivo usitafune siku hiyo wala usiku wake.

Angalia kliniki pia

Leseni ya mwaka huu ya KMPDC, lile baraza la madaktari na madaktari wa meno Kenya, inafaa iwe kwa ukuta, ya kliniki na ya daktari, na kwa tovuti ya baraza unaweza kutafuta jina lake. Alafu uliza: mko na oksijeni? Mko na kile kifaa cha kubana kidole cha kupima oksijeni ya damu? Mko na flumazenili, dawa ya kurudisha mtu aliyezidiwa na diazepamu ama midazolamu? Nani ananiangalia wakati daktari anaangalia jino? Lazima kuwe na mtu wa pili chumbani wakati wote, kwa usalama wako wa kupumua na pia kwa heshima yako, hasa dada na mama zetu. Daktari akikasirika na hayo maswali, tafuta mwingine. Bei uliza hapo hapo, juu dawa ya kutuliza inaweza kuhesabiwa kando na jino.

Siku yenyewe

Chakula: fuata vile umeambiwa. Kwa gesi ama kidonge chepesi wengi wanaruhusu kitu kidogo, uji ama chai na mkate, masaa mawili kabla, wengine wanataka masaa sita bila chakula kizito. Mwenye sukari asikae njaa akiwa amejidunga insulini, apange na daktari.

Fomu ya kukubali isaini kabla ya kumeza. Ukishameza, sahihi yako haina maana.

Njoo na mtu mzima. Sio wa kukuacha mlangoni arudi sokoni, wa kukaa mpaka mwisho na kulala nyumba moja na wewe usiku huo. Kama huna mtu kama huyo, sisi hatutoi kidonge, hata kama umetoka Bondo ama Luanda ya Vihiga na umelipa nauli mbili. Inauma kumrudisha mtu lakini hiyo ndio sheria inayookoa maisha. Kidonge kimeze kliniki kama inawezekana, usimezee nyumbani alafu upande boda. Vaa nguo ya mikono inayokunjika ili presha ipimwe, toa rangi ya kucha ndio kile kifaa cha kidole kisome vizuri, na uende choo kwanza.

Kwa kiti, kidole kitabanwa, presha itapimwa, na daktari ataongea na wewe mara kwa mara. Mjibu, hata kwa kidole gumba, juu kujibu kwako ndio kipimo chake kikubwa. Ganzi itadungwa, itajaribiwa, na ukisikia ukali hata kidogo inua ule mkono. Utulivu wa kidonge usikufanye uvumilie maumivu kimya kimya.

Kurudi nyumbani na usiku wake

Hutoki mpaka uweze kutembea sawa bila kushikwa na kujibu maswali kama kawaida. Maelezo yote apewe yule aliyekuleta, yaandikwe, kwa sababu wewe unaweza usikumbuke kitu. Mkirudi, boda hapana, ukisinzia nyuma pale unaanguka. Tuktuk ukiwa katikati ya huyo aliyekuleta na ukuta wa gari, ama matatu kiti cha dirishani, sawa.

Kwa masaa 24 baada ya kidonge usiendeshe gari wala pikipiki, usishike panga, usipike kwa jiko la makaa ama mafuta moto, usibebe mtoto mchanga, usiende ziwani, usinywe pombe. Usitume pesa kwa M-Pesa wala kusaini makubaliano ya shamba. Watu wanafikiri wako sawa na kichwa bado hakijarudi. Gesi peke yake inatoka haraka zaidi, lakini siku hiyo bado pumzika.

Kama jino limeng'olewa, ng'ata pamba nusu saa bila kuchungulia. Mdomo ukiwa bado na ganzi usile, utajitafuna ulimi bila kujua. Maumivu yakianza, tumia uliyoandikiwa, mara nyingi parasetamoli ama ibuprofeni. Zile za kodeini na tramadoli usiguse diazepamu ikiwa bado mwilini, zote zinapunguza pumzi.

Anayekuangalia usiku ajue hizi dalili: unaitwa hujibu, unakoroma kwa shida, pumzi zinachelewana, midomo ama kucha zinabadilika rangi. Kwa ngozi yetu nyeusi aangalie ndani ya mdomo, ulimi na kucha. Akuweke ubavu, ainue kidevu chako juu, apige simu kliniki huku mnaelekea kasualti. Asikumwagie maji, asikupe maziwa.

Watoto

Mtoto hapewi kipande cha kidonge cha mtu mzima. Dawa yake inahesabiwa kwa kilo, ndio maana lazima apimwe uzito siku hiyo, na inatolewa kliniki tu. Wengine badala ya kutulia wanapandwa na hasira na kulia sana, hiyo inatokea na midazolamu na inapita. Hatari kubwa kwao ni safari ya kurudi. Mtoto amesinzia kwa matatu, kichwa kimeanguka mbele, kidevu kimegusa kifua, njia ya hewa imejikunja na mama anafikiri amelala vizuri tu. Njooni wakubwa wawili, mmoja kazi yake ni kichwa cha mtoto mpaka mlangoni.

Kwa kadi yako mwambie daktari aandike dawa gani ulipewa, kiasi gani, na ilikufanya vipi. Safari ya pili muombe mjaribu na kiasi kidogo zaidi, ya tatu pengine jeli na earphone tu. Wengi tunaowaona wanafika hapo, wanakuja kusafisha meno peke yao asubuhi na kupitia kazini.